Theluji Mbele ya Nyumba ya Papa Ngoy

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Kasoki ghorofa ya nne, huko Evere, Ubelgiji, amesimama mbele ya mlango wa mwenye nyumba wake, roho juu. Alikuwa amekuja kugombana. Kabla kidole hakijagusa kengele, sauti ya mwanaume ikatoka ndani, nzito, sauti ya mtu ambaye hajalala:

"Kama mulikuya ku kilio, ingiyeni tu. Mulango haifungiwe."

Kilio? Kilio cha nani tena?

Wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, sikiliza upesi, sitarudia. Kasoki ni mwanamke wa Butembo, anahudumia wazee majumbani. Amepanga nyumba ya chini katika jengo la Papa Ngoy Séraphin, kule Schaerbeek. Jumanne asubuhi theluji ilijaa mbele ya jengo hilo na hakuna aliyeiondoa. Madame Bibiane, bibi wa miaka themanini na moja wa nyumba ya jirani, akapita pale, akateleza, akavunjika nyonga.

Mpwa wake, Noé, akaacha barua mlangoni pa Kasoki bila kuonana naye; Kasoki akamjibu kwa simu tu. Mpaka Alhamisi saa kumi alasiri, Kasoki awe ameandika ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuondoa theluji ile. Asipoandika, Noé anakwenda polisi na jina moja tu analolijua, jina la Kasoki.

Na Kasoki, aliyekimbia vita na kungoja miaka kumi na minne, ana faili la uraia mezani kwa watu wa komini, yaani manispaa. Anaamini jina lake likifika polisi mwezi huu, faili linafungwa. Labda ni kweli, labda si kweli. Hana mtu wa kumuuliza.

Leo ndiyo Alhamisi. Saa nane na nusu mchana.

Kasoki akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa baridi. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Juu ya meza palikuwa na chupa ya chai na vikombe kumi na viwili vilivyopangwa safu mbili, vyote vikavu. Sakafuni palikuwa na vumbi, makombo ya mkate, na godoro. Juu ya godoro alikaa Papa Ngoy, amevaa koti, ndevu za siku tatu zimemtoka nyeupe.

"Papa Bailleur! Nimekuita ku téléphone fois douze! Juu ya nini hauitike?" Bailleur ni mwenye nyumba, na simu alizompigia zilikuwa kumi na mbili kweli.

"Ah, Maman Kasoki. Njo weye." Mzee akainua macho kuhakikisha kweli ni yeye. "Na bengine bako wapi?"

"Bengine gani, Papa?"

"Bale benye kuwa nyuma yako."

Kasoki akageuka. Ngazi zilikuwa tupu.

"Niko peke yangu."

"Bon," akasema mzee, na sauti yake ikashuka. "Ikala."

Kasoki hakukaa. Alikuwa na hasira ya siku mbili na hakutaka ipoe. Lakini mtu akikuambia ana kilio, huwezi kumrukia. Akauliza kwa upole asiokuwa nao moyoni:

"Nani alikufa, Papa?"

"Yaya Marie-Jeanne. Kule Likasi. Lundi usiku. Mama alikufa nikiwa na miaka trois. Njo yeye alinibeba ku mugongo, njo yeye alinipeleka ku masomo." Yaya, kwa watu wa Likasi, ni dada mkubwa, na Lundi ni Jumatatu.

"Pole. Pole sana, Papa. Na batu balikuya kukuona?"

"Hakuna."

"Lakini uliambia nani?"

Papa Ngoy akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Kuambia? Muntu anaalikaka batu ku kilio? Sawa fête, sawa karamu? Nilifungua mulango, nikalia na nguvu. Kwetu ukilia, batu banasikia, banakuya. Nikatayarisha chai."

"Na hapa?"

"Hapa yule wa chini aligonga plafond na muti ya ufagio. Fois trois."

Jirani wa chini anapiga dari yake mara tatu kumnyamazisha mfiwa. Cheka kama unataka. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, kisha nikaona haya. Mzee huyu amekaa Ubelgiji miaka thelathini na moja. Ameendesha tramu mpaka kustaafu. Anajua mfuko gani wa taka unatolewa siku gani, na ukikosea rangi atakuambia. Kila kitu cha nchi hii alijifunza, isipokuwa jinsi ya kufiwa. Msiba ulipomkuta, alifanya kama walivyofanya kwao, akafungua mlango akangoja. Leo ndiyo siku ya tatu.

Kasoki akatazama saa. Huruma ilikuwa inamvuta huku, faili linamvuta kule, na faili likashinda.

"Papa, pole, kweli. Lakini mi niko mu matatizo. Madame wa jirani alianguka mbele ya nyumba yako. Iko ku hôpital, balimupasua. Sababu ya neige! Kila neige unakuyaka six heures, na pelle, na chumvi. Miaka neuf! Juu ya nini mardi haukukuya?" Miaka tisa mzee alikuja na koleo lake saa kumi na mbili asubuhi, ila Jumanne hii.

"Nilikuwa ku kilio."

"Nasikia, Papa, lakini neige..."

"Kwetu, ku kilio, hatufagiake. Jours trois. Hata mu nyumba, hata inje. Angalia." Akanyoosha kidole kwenye makombo. "Na ile nyumba ya Schaerbeek ni parcelle yangu, kiwanja yangu. Mbele ya parcelle ya mwenye kufiwa, ufagio haipite."

Kasoki akapandisha sauti.

"Papa! Ile ni neige, haiko vumbi!"

"Kufagia ni kufagia."

"Muntu alivunjika, Papa!"

"Sikujua," akasema mzee. "Donc juu ya kilio yangu muntu alivunjika? Sikujua, Maman."

Hapo ndipo mwanamke mwingine angekaa chini na kulia naye. Kasoki wetu hakukaa. Akatoa karatasi mfukoni, aliyoiandika usiku kucha kwa msaada wa kamusi. Ilikuwa na sentensi moja: mimi, mwenye nyumba, ndiye niliyekuwa na kazi ya kuondoa theluji mbele ya jengo langu.

"Signe hapa, Papa. Ku seize heures, saa kumi ile, inapashwa kuwa mu mikono ya yule Monsieur."

Papa Ngoy akaisoma. Akairudia. Kisha akajiinua kutoka godoroni, akaenda kwenye kabati, akavuta droo. Kasoki akadhani anatafuta kalamu.

Hakuwa anatafuta kalamu. Alirudi na mkataba wa kupanga, ule ambao Kasoki alitia sahihi miaka tisa iliyopita, siku aliyokuwa na furaha ya kupata funguo kiasi kwamba angetia sahihi kwenye karatasi ya kufungia vitumbua.

"Soma article dix-huit, kifungu ya kumi na munane."

Kasoki akasoma polepole, kidole chini ya maneno. Mpangaji wa nyumba ya chini ataondoa theluji na barafu mbele ya jengo, na kumwaga chumvi, kila inapohitajika. Mpangaji wa nyumba ya chini. Chini ya ukurasa, kubwa, yenye mkia wa madaha, ilikuwa sahihi yake mwenyewe.

Sasa akakaa, juu ya godoro la msiba, bila kukaribishwa mara ya pili.

"Donc ni mimi," akanong'ona. "Tangu mwanzo ilikuwa kazi yangu."

"Eeh."

"Na ulijua?"

"Njo mi niliandikisha ile contrat."

"Miaka neuf, Papa! Juu ya nini haukuniambia? Ungesema neno moja tu, ningefanya. Ningenunua pelle yangu!"

"Njo ile niliogopa," akasema Papa Ngoy.

Kasoki hakuelewa. Mzee akasugua magoti, akatazama vikombe vyake.

"Tangu niliacha kazi ya tram, nikiamuka asubuhi, hakuna muntu ananiuliza niko wapi. Alors siku moja dirisha inakuwa nyeupe. Nasema, aah, leo kuko pa kwenda. Navaa bottes. Nachukua bus ya kwanza na pelle yangu, batu ba bus banasogea, bananiambia bonjour juu ya ile pelle. Ukichukua weye ile kazi, mi nitakuya kufanya nini ku Schaerbeek?"

Kasoki akajaribu kukumbuka ni lini alimfungulia mlango asubuhi ya theluji, ampe walau maji ya moto. Hakukumbuka, kwa sababu haikutokea hata mara moja. Alisikia tu koleo likikwangua nje, akavuta blanketi, akajiambia mwenye nyumba anafanya kazi yake, ndiyo maana analipwa. Na yeye pia, ndani ya blanketi lile, alikuwa hana mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Watu wawili, ukuta mmoja katikati, miaka tisa. Nikifikiria hilo nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akanyoosha mkono aichukue ile karatasi yake ya sentensi moja, aichane.

Alichelewa. Papa Ngoy alikuwa ameshatoa kalamu ya kotini na kuweka sahihi.

"Papa, hapana! Article inasema ni mimi!"

"Article iko ya kwako, pelle iko ya kwangu. Kila mwaka njo mi nilikuya. Hii mwaka sikukuya. Beba."

"Papa..."

Simu ya Kasoki ikalia.

Alikuwa Noé. Sauti yake kwa Kifaransa ilikuwa tambarare, haina hasira wala kitu kingine chochote.

"Madame, shangazi yangu amefariki. Saa tano asubuhi. Moyo haukustahimili baada ya upasuaji."

"Mungu wangu! Monsieur, pole, mimi..."

"Niko nyumbani kwake. Leta maandishi yako hapa. Saa kumi ni saa kumi. Sasa hatuzungumzi tena habari ya mfupa, Madame. Unanielewa."

Akakata.

Kasoki akaitazama karatasi mkononi. Dakika tano zilizopita ilikuwa karatasi ya kumtoa kwenye usumbufu. Sasa ilikuwa karatasi ya mtu aliyekiri kifo cha mtu mwingine.

Akaeleza. Papa Ngoy akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nipe ile karatasi."

Kasoki akampa haraka, karibu kwa furaha. Ndiyo, Papa, ipasue, ujiokoe, mimi nitajua la kufanya. Lakini mzee akaishika ile kalamu, na chini ya jina lake akaandika namba yake ya simu na anwani ya Evere, ghorofa, namba ya mlango.

"Banipate bila kutafuta," akasema, akamrudishia karatasi. Kisha: "Nani iko ku kilio kule?"

"Ni huyu Monsieur tu, nafikiri. Papa, bao habana kilio. Batapeleka faire-part, karatasi ya kutangaza kifo, batu batafika siku ya maziko saa moja, bakunywe kahawa, bende."

"Muntu amekufa leo, na mu nyumba yake muko muntu mumoja tu?"

Mzee alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

"Twende."

"Twende wapi? Papa, yule muntu anatushitaki! Hatuwezi kufika ku mulango yake sawa..."

"Naenda kuikala na ye. Tukimaliza kuikala, atanishitaki."

"Na kilio yako? Jours trois bado kuisha!"

Papa Ngoy akafunga kamba za kiatu, fundo mara mbili, kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Yaya Marie-Jeanne angenikuta hapa nimeikala, na kule muntu anafiwa peke yake, angenipiga," akasema.

Wakapanda basi. Watu walikaa na simu zao, koti zimefungwa mpaka kidevuni, kila mmoja dirisha lake. Leo mzee hakuwa na koleo, na hakuna aliyemwambia bonjour. Nje theluji ilianza kudondoka tena, nyembamba, isiyo na haraka.

Walipopita kituo cha tatu, Papa Ngoy akauliza:

"Jina yake ilikuwa nani?"

"Bibiane."

"Bibiane," akasema mzee. Akalirudia kwa sauti ya chini. "Miaka neuf nilikuwa nafikisha pelle mpaka ku mulango yake, juu iko karibu. Sikumuuliza jina."

Kasoki akageuza uso dirishani. Tangu aondoke Butembo hakuwahi kulia ndani ya basi, na leo hakutaka kuanza.

Saa kumi kasoro dakika ishirini walisimama mbele ya nyumba ya Madame Bibiane. Kasoki ndiye aliyebonyeza kengele. Noé akafungua. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, tai imelegea, macho mekundu. Alikuwa amekuja kutoka mji mwingine, na hapa mtaani hakumjua mtu. Akawatazama wote wawili.

Papa Ngoy akavua kofia. Akasema kwa Kifaransa chake safi cha dereva wa tramu:

"Bwana, tumekuja kukaa na wewe."

"Kukaa wapi?"

"Ndani. Kwa ajili ya marehemu. Hatutasema kitu kama hutaki."

Noé hakuelewa. Si kwamba alikataa, hakuelewa tu, kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza. Akamgeukia Kasoki.

"Ni wewe unayekaa nyumba ya chini hapo jirani?"

"Ni mimi."

"Basi ingia wewe. Bwana asubiri."

"Lakini Monsieur, huyu ni..."

"Wewe, Madame. Peke yako."

Mlango ukafungwa. Kasoki akajikuta ndani ya ukumbi mwembamba wenye harufu ya dawa na sabuni. Noé akaegemea ukuta. Hakuomba karatasi.

"Jana jioni nilikaa naye hospitali," akaanza. "Nilimkaripia. Nilimwambia, una miaka themanini na moja, ulitoka kufanya nini kwenye theluji, saa kumi na mbili asubuhi? Unajua alinijibu nini?"

Kasoki akatikisa kichwa.

"Alisema alitoka kumtafuta mwanaume wa koleo."

Kasoki akageuka, akautazama mlango.

"Sikumwelewa. Nikadhani ni dawa zinazungumza. Akaniambia kuna mwanaume huja kila theluji, mbele ya nyumba yenu, na anasafisha mpaka mlangoni kwake bila kuambiwa na mtu. Wengine wote wanaokuja kwake, alisema, wanatumwa na ofisi. Nesi anatumwa. Mleta chakula anatumwa. Mimi mwenyewe," na hapo Noé akasita, "mimi nilikuwa nakuja Krismasi. Yule alikuwa anakuja mwenyewe. Miaka yote alimtazama kwa dirisha, akaona haya kumwita. Mwaka huu alijiapia kwamba theluji ikianguka atamfungulia, ampe kahawa. Jumanne ikaanguka. Kahawa akaitengeneza. Mwanaume hakuja. Akafikiri labda ameanguka mahali, mzee wa watu, peke yake, na hakuna aliyemwona. Akavaa viatu akaenda kumwangalia."

Nje, upande wa pili wa mlango, mtu alikohoa.

"Kwa hiyo nina maswali mawili, Madame," akasema Noé, na sasa akanyoosha mkono. "La kwanza, nani alikuwa na wajibu wa kuondoa theluji ile. La pili, huyo mwanaume ni nani na nampata wapi."

Ewe msomaji, karatasi ni moja na majibu yote mawili yamo ndani yake, pamoja na namba ya simu na namba ya mlango. Akiitoa, faili lake la uraia linapona. Asipoitoa, itabidi ataje jina lake mwenyewe, na polisi walipokee leo hii.

Kasoki akatia mkono mfukoni. Akaikuta. Hakuitoa.

"Ukimpata," akauliza, "utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli wote," akasema Noé. "Kwamba palikuwa na mtu aliyemngoja. Na kwamba mtu huyo amekufa kwa kwenda kumtafuta."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika saba. Nje ya mlango Papa Ngoy alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, theluji ikimwangukia kichwani, akingoja kuitwa ndani.